Zima, Washa, Sikiliza: Mwongozo wa Fildi Katika Kitengo cha TEHAMA

Barua ya fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, imetoka. Wenzako wamepangiwa benki na kampuni za simu. Wewe umepangiwa dawati la msaada, kitengo cha TEHAMA cha chuo kikuu, wiki 8. Wao watapiga picha mbele ya seva. Wewe utakuwa umepiga magoti chini ya meza ya mhasibu, mkono mmoja kwenye vumbi, mwingine ukipapasa plagi. Usinung'unike. Ni vigumu kupata mahali pengine ambapo mwanafunzi wa kompyuta atakutana na watu wengi, mashine nyingi na maradhi mengi kwa muda mfupi hivyo. Dawati ni shule, ila lina masharti yake.

1. Shikamoo kwanza, kipanya baadaye

Ukiingia masijala, usiirukie mashine. Msalimu katibu muhtasi, jitambulishe, keti. Mama huyo ameishi na kompyuta ile kwa miaka. Anajua soketi ipi ni mbovu, nani alihamisha meza jana na printa ilianza lini kula karatasi. Muulize: "Mama, mara ya mwisho ilifanya kazi lini? Kuna kitu kimebadilika tangu hapo? Na ulikuwa unataka kufanya nini?"

Swali la tatu ndilo kubwa. Shida ya mama si printa. Anataka barua ya mkuu wa idara itoke kabla ya saa sita. Ikiwezekana, itoe barua kwenye printa ya ofisi jirani, kisha urudi kwa mgonjwa wako bila haraka.

2. Amini malalamiko, tafuta chanzo

"Kompyuta imekufa." Anza na umeme: ukutani, kwenye ekstensheni, kwenye UPS, nyuma ya skrini. Ufagio wa asubuhi una uwezo wa kuzima ofisi nzima. Ukikuta plagi imelegea, irudishe bila kucheka na bila kuitangazia korido.

"Neti hakuna." Uliza kama jirani anayo. Kama anayo, tazama anwani ya mashine. Ikianza na 169.254, maana yake mashine iliomba anwani, haikujibiwa, ikajipa yenyewe. Kubadili kivinjari hakutasaidia. Fuata waya, soketi ya ukutani, kisha swichi.

"Tovuti zote zinakataa, hata ya chuo." Tazama saa pale pembeni mwa skrini. Ndani ya kompyuta ya mezani kuna betri ndogo ya mviringo, mara nyingi CR2032, inayotunza saa wakati umeme haupo. Betri ikiisha, umeme ukikatika na kurudi, mashine huamka ikiamini bado ni mwaka wa zamani. Vyeti vya usalama vya tovuti vina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kwa mashine iliyorudi nyuma miaka kumi, vyeti vya leo bado havijaanza kutumika, na kivinjari kinagoma. Mtu ameshashauriwa anunue kompyuta mpya, kumbe anachohitaji ni betri ya ukubwa wa sarafu.

3. Jua kwa nini kuzima na kuwasha kunaponya

Watakutania kwamba hiyo ndiyo kazi pekee unayoijua. Wape maelezo: programu zilizogoma zinafungwa, kumbukumbu ya muda inafutika, kila kitu kinaanza upya. Kisha wafundishe jambo lisilojulikana sana: kwenye Windows 10 na 11, kuzima kwa kawaida huweza kutunza sehemu ya mfumo kwenye diski ili mashine iwake haraka, na kasoro ikatunzwa humo humo. Anayetaka mwanzo mpya kabisa achague Restart.

Ila kabla ya kugusa kitufe chochote, uliza: "Profesa, umehifadhi kazi yako?" Ana madirisha yasiyohesabika, na katika mojawapo kuna tasnifu ya mwanafunzi aliyoanza kuisahihisha tangu alfajiri. Subiri jibu.

4. Usifomati flashi ya mtu

Atakuja mwanafunzi anatokwa jasho: mafolda yote yamegeuka njia za mkato na hayafunguki. Mara nyingi virusi wa aina hii huyaficha tu mafaili, hawajayafuta. Safisha kwanza kwa antivirasi, kisha yafichue kwa amri ya attrib. Ukimaliza, mwambie aweke nakala mahali pengine pawili, na usiondoke mpaka ameweka ya kwanza.

5. Kariri rangi nane

Nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Huo ndio mpangilio wa T568B. Ukikosea waya mmoja, kebo inaweza kukataa kabisa, au ikafanya kazi kwa kusuasua, jambo ambalo ni baya zaidi. Kebo ya shaba isizidi mita 100 kati ya swichi na mashine. Ipime kabla ya kuipigilia ukutani, na weka lebo ncha zote mbili. Fundi atakayefungua kabati la swichi saa mbili usiku atakuombea dua.

6. Pasiwedi ikitajwa, geuza uso

Wapo watakaokutajia pasiwedi yao kwa sauti, wengine wameibandika kwenye skrini. Waombe waiandike wenyewe, nawe utazame dirishani. Kupitia dawati hilo unaweza kuyafikia matokeo ya mitihani, taarifa za mikopo na barua za nidhamu za watu. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, nazo hazina msamaha kwa aliye fildi. Rafiki yako wa hosteli akikuomba "umchungulie tu" alama zake, mjibu hapana kabla hajamaliza sentensi.

7. Logibuku iseme kitu

"Leo nilisaidia watumiaji" haimfundishi yeyote chochote. Andika dalili, chanzo, tiba na muda: "Mashine ya masijala, tovuti zinakataa, saa imerudi nyuma, betri imebadilishwa, dakika 20." Ukiandika hivyo kila siku, utaanza kuona yanayojirudia: ofisi tatu hupoteza mtandao kila alasiri, na zote zinategemea swichi moja iliyofungiwa kwenye kabati lisilo na hewa. Hapo umepata mradi.

Mradi mwingine unakusubiri mlangoni. Huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za zamani hazitimizi masharti ya Windows 11, mathalani chipu ya TPM 2.0. Omba ruhusa uorodheshe mashine zote za jengo moja: umri, mfumo, zinazoweza kupandishwa na zisizoweza. Peleka orodha hiyo kwa msimamizi, kisha ndipo uombe kuonyeshwa seva. Utaonyeshwa.

8. Nawe msimamizi, soma hapa

Kijana huyu hakuja kuwa tarishi. Wengi kama yeye hupanda daladala mbili kwa nauli ya kubahatisha. Mpe mtu mmoja wa kumuuliza, akaunti yenye mipaka, na kazi moja yenye jina lake. Akikosea, mwonyeshe kosa faraghani. Akipatia, mtaje mbele ya idara.

9. Acha ukurasa mmoja

Wiki ya mwisho, andika ukurasa wa mambo ambayo hakuna aliyekuambia: swichi ziko wapi, printa ipi hukwamisha karatasi na katika tundu lipi, nani ana funguo za kabati la ghorofa ya pili. Uache dawatini kwa atakayekuja mwakani. Kisha rudi darasani ukasome kuandika programu, maana sasa unamjua atakayezitumia: ni mama wa masijala, ana barua ya kutoa kabla ya saa sita, na programu yoyote inayomchelewesha ina kasoro, hata kama majaribio yako yote yamepita.