Siki ya Tanga kwenye Fedha ya Denmark

Nyumbani kwetu hakuna anayegusa pombe. Mume wangu hanywi, mimi sinywi, na watoto wakialikwa sherehe za wenzao hapa Copenhagen hurudi wakinuka juisi ya tufaha. Hata hivyo kabati letu la sebuleni limejaa vizibo vya chupa za mvinyo, vipimo vya toti, vijiko virefu vya kukorogea kokteli, vifungua chupa, na chombo kimoja kirefu chenye mfuniko, cha kutikisia vinywaji, ambacho mgeni asiyejua hudhani ni cha maji ya kutawadha. Vyote ni vya fedha, vyote vya Denmark, na vyote vimenunuliwa na mwanamume ambaye akiona baa mbele yake huvuka barabara.

Uraibu huu una mizizi ya ukoo. Mume wangu ni mjukuu wa sonara. Babu yake mzaa mama alifua bangili na vikuku Tanga mjini, na mjukuu akarithi viganja: akishika kitu anajua ni fedha kabla hajakitazama. Sasa, kiangazi kikifika, Wadenmark hutandika mali za marehemu bibi zao barabarani juu ya meza za kukunja: vikombe, mapazia, santuri, uma zilizopotelewa na wenzao. Kiangazi kimoja mume wangu akatia mkono kwenye sanduku la uma, akatoa kizibo cheusi chenye kichala cha zabibu juu yake, akakigeuza, akakisogeza jichoni, akalipa bila kuomba apunguziwe. Mtu wa Tanga asiyeomba kupunguziwa, mpelekeni kwa daktari.

Alichokuwa amekiona ni minara mitatu. Fedha ya Denmark iliyopimwa kwa kufuata sheria ilipigwa chapa ya minara mitatu, nembo ya jiji la Copenhagen, na chini yake tarakimu mbili za mwaka. Kando huwa na alama ya mpimaji. Christian Heise alishika kazi hiyo kuanzia 1904 hadi 1932, akafuatiwa na Johannes Siggaard hadi 1960, kwa hiyo kizibo chenye herufi za Heise hakiwezi kudai ujana. Minara mitatu huahidi angalau sehemu 826 za fedha katika 1,000. Sterling ni sehemu 925, na hiyo huandikwa waziwazi kwenye chombo, maana mafundi wa Denmark walikuwa na wateja wengi Uingereza na Marekani, ambako 925 ndiyo fedha inayoheshimika. Sehemu zinazobaki ni shaba, na shaba hiyo mtaisikia tena hapa chini.

Chapa yote haizidi punje ya mchele, lakini imewahi kutunyima usingizi. Siku moja mume wangu alileta kifungua chupa, anaingia mlangoni akiimba, kumbe minara ilikuwa miwili. Minara miwili ni chapa ya vyombo vya metali nyingine vilivyopakwa fedha juu. Muuzaji alikuwa amemwambia mnara wa tatu umefutika kwa kusuguliwa miaka mingi. Mjukuu wa sonara mzima alikaa chini ya taa na kioo cha kukuzia hadi usiku wa manane, akiutafuta mnara wa tatu.

Juu ya mafundi wote, kwa mume wangu, yuko Georg Jensen. Alizaliwa 1866 Raadvad, kaskazini ya Copenhagen, akajifunza ufuaji wa dhahabu, akasomea uchongaji wa sanamu, na 1904 akafungua karakana yake mtaa wa Bredgade. Sanamu hazikumlisha, fedha ikamlisha. Ila mkono wa mchongaji haukuondoka: vichala vyake vya zabibu vina uzito, utadhani vikiguswa vitaanguka. Mchoraji Johan Rohde alimbunia vyombo vilivyotulia zaidi, na 1915 akatoa muundo wa uma na vijiko vyenye tunda la mwaloni ncha ya mpini, muundo ambao baadaye ulifika hadi kwenye vifungua chupa. Kisha wakaja Harald Nielsen, shemeji yake Jensen, na Sigvard Bernadotte wa ukoo wa kifalme wa Sweden, wakaleta mistari iliyonyooka ya zama za kokteli. Nayajua yote haya kwa sababu nimeyasikia mezani, wali ukipoa.

Mume wangu ana nadharia yake pia ya kwa nini vizibo vilifuliwa kwa fedha. Mwaka 1917, wakati wa vita, serikali ya Denmark ilipandisha kodi ya pombe kali hata bei ya chupa ya akvavit ikapanda zaidi ya mara kumi. Kitu cha bei hiyo, asema, huwezi kukiziba kwa gazeti lililokunjwa. Sijui kama hoja hiyo ingesimama mbele ya Mdenmark, lakini kwa mtu asiyewahi kuonja akvavit ni hoja nzuri.

Basi mama mkwe akaja kututembelea. Alitua na masanduku mawili, moja la nguo, la pili la ukwaju, iliki, pilipili manga na achari ya maembe. Asubuhi ya kwanza, alipomaliza kusali, alisimama mbele ya kabati.

"Baba, hivi ni vya nini?" Humwita mwanawe "baba" tangu akiwa mtoto.

"Vizibo, mama."

"Naona. Vya kuzibia nini?"

"Chupa."

"Chupa za nini?"

Nilikuwa jikoni na mwiko mkononi. Nikaacha kukoroga. Mtu anayeweza kumzungumzia mpimaji Siggaard kwa saa nzima bila kunywa maji alikohoa, akatazama dirishani, akasema, "Za siki, mama."

"Mashaallah," mama akajibu. "Kumbe wenzetu huku wanaiheshimu siki."

Uongo huo ulikuwa mfupi, lakini gharama yake ilikuwa ndefu. Kwa kuwa vizibo vilikuwa vya siki, vipimo vya toti vikawa vya kupimia iliki, vijiko virefu vya kukorogea chai ya kwenye birika, na kile chombo cha kutikisia, baada ya swali jingine na kikohozi kingine, kikawa cha kutikisia maziwa. Mama si mtu wa kuacha chombo kizuri kikae bure. Haikupita juma, kila chupa ya jikoni ilikuwa imevaa fedha: kichala cha zabibu kwenye siki, kingine kwenye mafuta ya nazi, kizibo chenye kichwa cha mviringo kwenye achari aliyoiongezea ndimu na chumvi. Wageni wakija, anawaonyesha.

Kizibo cha namna hii kina sehemu mbili. Kichwa ni fedha, na chini yake kuna msumari mwembamba unaoingia katika kipande cha gome laini la mwaloni, lile linalotoka zaidi Ureno. Gome ndilo linaloziba. Fedha kazi yake ni kushikwa na kutazamwa. Ukikitia kwenye chupa ya siki, mvuke hupanda, hukaa kwenye shingo pale fedha inapokutana na gome, na shaba ile niliyoitaja inaanza kutoa ukungu wa kijani. Chumvi nayo ina hasira zaidi: hutoboa fedha vitobo vidogo ambavyo hakuna kitambaa kitakachovifuta. Na shingoni hapo ndipo chapa nyingi zilipo. Minara mitatu ya mume wangu ilikuwa inaoga siki kutwa kucha, naye hawezi kusema neno. Usiku ananinong'oneza, "Kamwambie mama aviondoe." Namjibu, "Siki ni yako, kamwambie mwenyewe."

Maafa makubwa hata hivyo hayakutokana na siki, yalitokana na usafi. Wanaokusanya fedha ya Jensen wanajua kwamba weusi ulio kati ya zabibu umetiwa makusudi. Fundi hukitia chombo salfa mpaka kiwe cheusi chote, kisha hung'arisha sehemu zilizoinuka na kuuacha weusi mabondeni, ili kila tunda lionekane limesimama peke yake. Mama, binti wa sonara, aliona kitu kimoja tu: mkwewe hasuguli vyombo. Hakunilaumu. Alisema kwa upole, "Mwanangu, una kazi nyingi," maneno ambayo kila mkamwana anajua yana uzito gani.

Mjukuu wake akampa mbinu aliyofundishwa darasa la sayansi. Unatandika karatasi ya foili chini ya beseni, unaweka vyombo juu yake, unamwaga maji ya moto yenye chumvi na magadi. Alumini ya ile foili huivuta salfa kutoka kwenye fedha. Jikoni kulinuka yai viza, bibi na mjukuu wakapigiana makofi, na vilipotoka vilikuwa vyeupe, vimenyamaza. Zile zabibu sasa zilikuwa uvimbe. Mume wangu alirudi kutoka kazini, akavikuta vimepangwa juu ya kitambaa, mama amesimama kando anasubiri shukrani. Akashukuru. Akaenda bafuni akafungulia maji, akakaa humo muda mrefu.

Siri ilifichuliwa na ukwaju. Mama alikuwa ametengeneza juisi ya ukwaju yenye sukari ya kutosha, akaitia chupani, akaishindilia kizibo cha kichwa cha mviringo, akaiweka dirishani ilipopata jua la kiangazi mchana kutwa, na jua la Julai huku halina haraka ya kuzama. Juisi ikaanza mambo yake. Siku hiyo tulikuwa na kina mama wa Kiswahili wa mtaani, wamekuja kumwamkia mgeni. Kukasikika mlio, kizibo kikaruka, kikagonga dari, kikaanguka kwenye sahani ya visheti, na povu la kahawia likashuka ukutani. Mmoja alikuwa ameshaanza kusoma Ayatul Kursi.

Jirani wa ghorofa ya chini, bibi wa Kidenmark mwenye umri mkubwa, akapanda kuuliza kama tu wazima. Tukamkaribisha chai. Akakiona kizibo kwenye visheti, akakichukua, akakigeuza chini juu vilevile mume wangu anavyofanya, uso ukamng'aa, akaanza kusimulia. Mama akamtaka mjukuu atafsiri. Sote tulimkodolea macho yule mtoto. Hakutuona.

"Anasema baba yake alikuwa na kizibo kama hiki, bibi. Kilikaa kwenye chupa ya snaps."

"Snaps ndiyo siki yao?"

"Hapana, bibi. Ni pombe."

Mama alimtazama mwanawe. Alichovya kidole kwenye povu lililokuwa juu ya meza, akanusa, akakifuta kwenye kitambaa. "Basi na huu wangu umekuwa siki ya namna hiyohiyo," akasema, akawaongezea wageni chai. Nitamke jambo hili kwa haki ya mume wangu: pombe ya kwanza kuingia nyumba ile ilitengenezwa na mama yake.

Jioni akaambiwa yote: mvinyo, akvavit, weusi wa makusudi, na kwamba mnunuzi makini akikuta Jensen iliyosuguliwa mpaka mabondeni hupunguza bei papo hapo. Alikuwa na hasira kwa uongo. Kwa weusi hakuwa na hata wasiwasi. "Hilo ndilo linalokuliza bafuni? Baba yangu angekucheka." Akachemsha mayai, akayaponda yakiwa ya moto, akayatia kwenye kopo pamoja na vizibo, bila kuvigusisha, akafunika. Mayai yana salfa, na salfa ndiyo fundi. Kesho yake vilikuwa vyeusi tititi. Akachukua kitambaa kikavu, akavisugua juu juu kwa kidole gumba, na zabibu zikatoka moja moja.

Mume wangu anadai mtaalamu atajua kwamba weusi huo ni mpya. Nilimpangia vizibo vyake mezani, vya mama na ambavyo havikuguswa, nikamtaka achague kwa macho bila kugeuza chapa. Alichagua cha mama.

Mama amerudi Tanga na kifungua chupa cha minara miwili. Anafungulia soda, na anasema hakijawahi kumsumbua. Huku tumegawana kabati: rafu ya juu ni ya mume wangu, ya chini ni ya sahani zangu za wali. Vipimo viwili vya toti, sterling 925, vimeoshwa iliki na vinauzwa, na vizibo viwili navyo vimewekewa gome jipya. Anayevitaka aje avigeuze mwenyewe aone minara. Kizibo cha kichala cha zabibu asikiulizie bei, kwa sababu kinaziba siki.