Mgeni Siku Mbili: Mwongozo kwa Wanandoa Wanaokwenda kwa Marafiki Majuu

Wapo watu wawili London, mke na mume, wanaoogopa simu ya kutoka nyumbani kuliko barua ya kodi ya pango. Simu inalia saa nne usiku, sauti ya furaha inasema, “Shemeji, tumeshakata tiketi! Tunakuja wiki tatu!” Mke anamtazama mume. Mume analitazama kochi. Kochi hilo ndilo hoteli.

Mwongozo huu ni wa ninyi mliopiga simu hiyo. Mimi na mume wangu tumepita Muscat, Berlin, Paris na London tukilala kwa marafiki, na kwetu Dar es Salaam tumepokea wageni kiasi cha kuzijua pande zote mbili za mkeka. Neno langu ni moja: ukienda kwa rafiki, umekwenda kumwona rafiki. Mji ni ua wa nyumba yake. Anayelishika hilo husafiri vizuri na huitwa tena. Anayelisahau hukumbukwa miaka kumi kwa taulo aliloliacha sakafuni.

1. Ulizeni, msitangaze

“Tunakuja” ni tangazo. “Mwezi gani mna nafasi?” ni swali. Rafiki yenu anabeba boksi, au ni muuguzi wa zamu, au ana mtihani. Mwenye zamu ya usiku hulala mchana, na nyumba ya chumba kimoja haiwezi kuwa usiku kwa wawili na sherehe kwa wawili wengine saa hiyohiyo.

Jueni pia kwamba mwaliko una gharama. Rafiki wa Ufaransa akitaka mlale kwake, huenda ofisi ya meya wa mji wake, huonyesha hati za nyumba na za kipato, hulipa ada, ndipo apewe cheti cha kuwapokea. Wa Ujerumani anaweza kutakiwa kusaini ahadi mbele ya serikali kwamba mkishindwa kujilipia, atalipa yeye, hata matibabu. Mtu ameweka mshahara wake rehani ili ninyi mpige picha! Mkilielewa hilo, hamtauliza kwa nini intaneti yake inakwenda polepole.

Hesabu za viza zifanyeni wenyewe. Viza ya Schengen inawapa siku zisizozidi 90 katika kila siku 180, inataka bima ya safari isiyopungua euro 30,000, na ombi hupelekwa angalau siku 15 kabla ya safari. Uingereza haimo humo. Viza yake mbali, ada yake mbali. Anayesema Paris na London ni pua na mdomo kwa treni anasema kweli kwa habari ya treni. Afisa wa uhamiaji hapandi hoja hiyo.

2. Sanduku lina mwenyewe

Mkiruhusiwa kilo 23 kila mmoja, nusu ni za mwenyeji. Mwulizeni anakosa nini. Hatajibu kinyago cha mpingo, kwa sababu anavyo vinne, vyote vya wageni waliotangulia. Atajibu dagaa wa Kigoma, iliki, karafuu, majani ya chai, kanga mbili, na kitabu cha hadithi cha Kiswahili kwa mtoto wake anayeanza kumjibu bibi yake kwa lugha nyingine.

Kabla ya kufunga sanduku, pitieni kwa mama yake. Mtapewa kifurushi kimeshonwa kwa uzi. Kifungueni mbele yake, kwa adabu zote, kwa maana forodhani mtaulizwa ninyi. Umoja wa Ulaya hauruhusu msafiri anayetoka kwetu kuingia na nyama wala vitu vya maziwa, kwa hiyo samli ya mama itabaki. Matunda mabichi yanahitaji cheti cha afya ya mimea, isipokuwa nanasi, nazi, ndizi, tende na durian. Embe limenyimwa nafasi hiyo na mtalia, lakini lieni Dar es Salaam. Dagaa wakavu wanapita. Samaki wa namna hiyo wanaruhusiwa hadi kilo 20, ingawa nawasihi msiijaribu idadi hiyo ndani ya jengo la ghorofa lenye majirani wa Kijerumani.

3. Siku ya tatu mpeni jembe

Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Majuu hakuna shamba, lakini jembe lipo: ni sifongo ya vyombo, ni mfuko wa taka, ni pochi yenu.

Siku ya kwanza mtapikiwa wali wa nazi, na nazi ile imefuatwa kwa mabasi mawili. Kuleni, sifuni, osheni sufuria. Siku ya pili nendeni wenyewe sokoni. Paris, shukeni kituo cha Château Rouge: mtakuta ndizi za kupika, mihogo, samaki wakavu na akina mama wanaopatana bei kwa sauti ya Kariakoo. Nunueni, rudini, pikeni pilau. Mwenyeji akirudi kazini akakutana na harufu hiyo kwenye ngazi, mmemlipa kitu ambacho hoteli haikuwahi kuandika kwenye risiti.

Berlin jembe lina sheria zake. Chupa nyingi tupu za plastiki na makopo mengi ya vinywaji vina amana ya senti 25 kila kimoja, inayorudishwa dukani; kuvitupa “kumsaidia kusafisha” ni kutupa fedha yake. Taka za karatasi, za vyakula na za vifungashio zina mapipa tofauti, na jirani anaona. Jumapili maduka karibu yote yamefungwa, kwa hiyo mkate hununuliwa Jumamosi. Kuanzia saa nne usiku jengo linatakiwa liwe kimya. Kumpigia shangazi simu ya video wakati huo, kwa sauti ile tunayoitumia tukiamini kwamba Tanga iko mbali, ni kumwachia mwenyeji kesi ya kujibu nanyi mko kwenye ndege.

Na bafuni msikae saa nzima. Kuna mtu anawahi basi la saa kumi na moja alfajiri, na maji ya moto yana bili yake.

4. Tembeeni kwa miguu yenu

Msimfanye mwenyeji dereva, mkalimani na mpiga picha siku saba mfululizo. Likizo ni yenu. Yeye yuko kazini. Jifunzeni usafiri siku ya kwanza.

London ina treni za chini ya ardhi tangu 1863, na bado watu wanagombana nazo. Kwenye ngazi za umeme simameni kulia. Kushoto ni kwa wenye haraka, na wenye haraka ni wote. Mabasi ya mji huo hayapokei fedha taslimu tangu 2014: mnagusa kadi. Kila mtu aguse ya kwake, maana kadi moja haibebi ndoa. Kwenye treni gusa ukiingia, gusa ukitoka. Ukisahau kugusa ukitoka, utatozwa nauli ya juu kabisa kana kwamba umelala humo. Kama ni Desemba, jua huzama kabla ya saa kumi jioni, basi ziara zianze asubuhi.

Berlin vituo havina mageti, na hapo ndipo wajanja wetu wanapoanguka. Tiketi ya karatasi isiyo na mhuri hugongwa kwenye kisanduku cha kituoni kabla ya kupanda. Wakaguzi mara nyingi huvaa kiraia. Yule kijana wa koti aliyekaa kimya karibu nanyi huenda ndiye, na faini ni euro 60 kwa kichwa. Maneno “sisi ni wageni” ameyasikia kwa lugha zote za dunia.

Paris ni mji wa salamu. Usipotamka “Bonjour” unapoingia dukani, utahudumiwa kama uliyekanyaga mguu wa mtu. Mswahili hapaswi kufundishwa hilo. Kwetu mtu huulizwa habari za nyumbani kabla ya bei ya nyanya. Louvre hufungwa Jumanne, basi Jumanne nendeni kwingine. Mnara wa Eiffel uko palepale tangu 1889, hata ukiutazama kutoka daraja la bure.

Pahali pamoja, lakini, nawaamuru. Mkifika Berlin, nendeni Makumbusho ya Historia Asilia mkamwone mjusi wa Tendaguru, yaani dinosaria. Mifupa yake ilichimbwa katika vilima vya Lindi kati ya 1909 na 1913, Wajerumani walipoitawala nchi yetu, na wapagazi wa Kiafrika wakaibeba mwendo wa siku kadhaa hadi bandarini. Leo anasimama ukumbini akiwa na kimo cha zaidi ya mita 13, na watoto wa shule za Berlin humtazama midomo wazi. Tuliposimama chini ya shingo ile mume wangu hakusema neno kwa dakika nzima, kisha akasema, “Huyu naye anaishi kwa watu.” Mchukueni mwenyeji wenu mwende naye siku yake ya mapumziko, na tiketi yake mlipe ninyi. Wengi wanaishi mji huo miaka na hawajafika, kwa kuwa hawajapata wa kwenda naye.

5. Ndoa nayo ni mzigo wa mkononi

Mke anataka soko, mume anataka uwanja wa mpira. Gawaneni siku: asubuhi huku, jioni kule, na siku moja kila mtu aende kivyake. Watu waliooana miaka kumi na tano wanaweza kuachana saa tano bila talaka.

Wekeni bajeti ya kila siku kabla ya kuondoka, tena kwa shilingi, ili isiwashtue. Ugomvi mwingi wa safarini ni njaa iliyovaa koti: beba karanga.

Kugombana mtagombana. Msimfanye mwenyeji hakimu, wala msinuniane sebuleni kwake, kwa kuwa sebule ni moja. Shukeni mtembee. Ila msidhani Kiswahili ni ukuta. Muscat msithubutu kabisa. Familia nyingi za Kiomani ziliondoka Zanzibar baada ya 1964, na tangu 1970, Sultani Qaboos aliposhika madaraka, walioishi ng'ambo waliitwa kurudi kujenga nchi. Walirudi na Kiswahili chao. Mzee wa kanzu na kofia katika soko la Muttrah, mnayemjadili kwa uhuru, atawageukia na kuwauliza kwa Kiunguja safi mnatoka mtaa gani.

Mzee kama huyo akiwaalika, nendeni. Mtapewa halua na tende, na kahawa katika kikombe kidogo kisicho na mkono. Ataendelea kumimina hadi mkitikise kikombe kuonyesha mmetosheka. Msiangalie saa. Saa hiyo ndiyo safari yenyewe.

6. Mliyoyaona yabaki huko

Nimefika kwenye jambo lililonifanya niandike.

Nyumbani tunajua fulani yuko Ulaya. Anatuma fedha za ada, za bati, za msiba. Tumemjengea jumba vichwani mwetu. Kisha ninyi mnafika na kumkuta katika chumba kimoja, koti la kazini limeanikwa juu ya hita, viatu viwili mlangoni. Mnagundua zile fedha za bati zilitoka wapi na zilimpunguzia nini. Amewafungulia mlango akijua mtayaona hayo, maana amewaamini.

Wapo wanaorudi Dar es Salaam na habari hiyo kabla hawajafungua sanduku. “Kumbe mwenzetu anaishi chumba kimoja! Anafanya usafi!” Inasemwa harusini, inachekwa. Ndani ya wiki imeshafika kwake, kwa sababu simu ile inafanya kazi pande zote mbili. Mgeni wa namna hiyo hata angeosha vyombo vyote vya London, ameharibu nyumba. Kazi ya mwenyeji ni ya halali, na kila bati lililoezekwa kijijini lina saa za mgongo wake ndani yake. Kumsitiri ni deni la kwanza la aliyelala kwake.

Mkirudi, kabla ya kuonyesha picha za mnara, nendeni tena kwa yule mama wa kifurushi. Mwambieni mwanawe ni mzima, anakula, anacheka kama zamani, na karafuu zimefika. Mkae kidogo, maana ataomba mrudie tangu mwanzo. Kisha mwulizeni rafiki yenu atakuja lini likizo, na mwekeeni godoro jipya.