Chokoleti Yenye Mapengo

Mwaka 2016 Waingereza walifungua kasha la Toblerone, chokoleti ya pembetatu inayopatikana hata kwenye maduka ya vituo vya mafuta, wakakuta mapengo. Kasha lilikuwa na urefu ule ule. Vilima vya chokoleti ndivyo vilivyoachana, kana kwamba vimegombana.

Pakiti ya gramu 400 ilishuka hadi 360, na ile ya 170 ikawa 150. Kampuni ya Mondelez, inayoitengeneza Toblerone, ilijieleza kwa upole: gharama za malighafi zimepanda, hivyo ilibidi ichague kati ya kubadili umbo na kupandisha bei. Hewa, bahati nzuri, haijapanda bei.

Kampuni hiyo ilikuwa na uzoefu. Mwaka 2015 wapenzi wa Cadbury Creme Egg, yai lake la chokoleti, waligundua kwamba ganda la yai lao si la chokoleti ya Dairy Milk tena, na boksi la mayai sita limekuwa la matano. Kuku hakuhusika.

Kelele za wateja wa Toblerone zilisaidia kidogo: mwaka 2018 vilima vya Toblerone vikasogeleana tena. Lakini mwaka 2023 ikawa zamu ya mlima wenyewe, ule uliochorwa kwenye kasha. Sehemu ya uzalishaji ilikuwa inahama Uswisi kwenda Slovakia, na sheria za Uswisi zinabana matumizi ya alama za taifa, basi picha ya mlima Matterhorn ikafutwa kwenye kasha, pakachorwa mlima usio na jina.

Msomaji, ukifika dukani soma gramu kwanza. Picha utaitazama nyumbani, ukitafuna.