Mashine ya Mtoto, Ufunguo wa Mkubwa

Sugar, programu ya kompyuta ya kujifunzia, ilibuniwa kwa mtoto ambaye hajawahi kugusa kompyuta. Ukiiwasha, kikaragosi cha mtu kimesimama katikati ya skrini, kimezungukwa na shughuli: kuchora, kuandika, kupiga muziki, kumwelekeza kobe achore mistari. Hakuna kuhangaika na mafaili na mafolda. Shajara iliyomo ndani yake huhifadhi kazi yenyewe, mtoto hana haja ya kukumbuka kusevu. Ilikuja na kompyuta ndogo za kijani na nyeupe za OLPC, mradi wa kumpa kila mtoto kompyuta yake, zile zilizonadiwa kwa dola 100 zikaishia karibu 200. Rwanda ilizichukua kwa maelfu.

Sasa tazama sisi wakubwa tunavyomkaribisha mgeni wa kompyuta darasani. Somo la kwanza: maana ya kompyuta, nakilini. La pili: Charles Babbage, baba wa kompyuta. La tatu: sehemu za kipanya, mchoro wa chaki ubaoni, na mtihani Ijumaa. Mashine zenyewe? Zimo kabatini, zimepigwa kufuli, ufunguo anao mwalimu mkuu, naye yuko semina ya TEHAMA. Watoto wataziharibu, ati!

Mwalimu, fungua kabati. Ukikwama, waulize watoto.