Jozi ya Nne na Presha ya Kupanda

Aliyebuni mashindano ya poka hakuwafikiria watu wenye presha. Ukigawiwa saba na mbili, unatupa, unakunywa chai yako. Ukigawiwa ree mbili, unaweka zote na kumwachia Mungu. Lakini shika nne mbili, halafu mtu wa upande wa pili asukume chipu zake zote katikati kabla hata karata za mezani hazijafunuliwa! Jozi ndogo ni kama mgeni aliyekuja na kuku mkononi: kumfukuza huwezi, na hujui atakaa siku ngapi.

Kwenye mashindano yetu ya Jumamosi huku Sinza, kiingilio ni elfu kumi. Ukiishiwa chipu unahamia kwenye jiko la mkaa, unawageuzia wenzako mishkaki. Kwa hiyo uamuzi si mdogo.

Kinachoniudhi zaidi ni raha ya msukumaji. Yeye ana njia mbili za kushinda: tuogope wote tutupe, au karata zimbebe. Mimi ninayemwitikia nina moja tu, karata zinibebe. Sasa mbona yeye anatafuna karanga, jasho linanitoka mimi?

Halafu kuna washauri. "Mjomba, si una jozi? Ingia!" Mmoja wao hakosi kumtaja Chris Moneymaker, yule mhasibu wa Tennessee aliyebeba dola milioni 2.5 kule Las Vegas mwaka 2003. Sawa, lakini Moneymaker hakuwa akicheza na mzee wetu mstaafu wa reli. Mzee huyu hasukumi hovyo. Akiweka zote, ana jozi ya saba kwenda juu, au ree na kingi. Hebu hesabuni: jozi hizo zinaweza kumfikia kwa njia 48, ree na kingi kwa njia 16. Maana yake, mara tatu kati ya nne, nne zangu zimekwishafunikwa, na nafasi yangu ya kupona ni kama moja kwa tano. Eti niingie!

Na hata nikimkuta na hiyo ree na kingi, sherehe yenyewe iko wapi? Niko mbele kidogo tu, asilimia hamsini na ushee, karibu sawa na kurusha shilingi. Jozi ya mbili ndiyo aibu kabisa: jeki na kumi za kopa zote mbili zinaitangulia, ingawa zenyewe hazijawa jozi ya chochote. Na kuna uonevu mwingine. Meza inafunua nane mbili na sita mbili, nne zangu zinakuwa takataka, na mwenye ree anachukua kwa karata moja ya pembeni. Kwa hilo sijapata pa kushtaki.

Kijana wa bodaboda ni habari nyingine. Yule anasukuma na ree yoyote, kingi yoyote, hata akichoka tu kusubiri. Kwake naingia bila kunung'unika, hasa kama chipu zangu zimebaki chache na dau la lazima nimeshaliweka. Isipokuwa tukiwa tumebaki wanne na wanaolipwa ni watatu. Hapo chipu ninayoipoteza inauma kuliko ninayoipata inavyofurahisha, na kuna mwenzetu mwenye chipu mbili anayeomba dua sisi wawili tugongane.

Basi msimamo wangu ni huu: mzee akisukuma, nne zangu natupa, tena bila kuaga. Kijana akisukuma, naingia kama zawadi haijakaribia. Na wewe unayesimama nyuma ya kiti changu ukiguna kila ninapotupa, lipa elfu kumi ukae, au nyamaza.