Neno Lenye Deni

Juzi usiku binti yangu wa kidato cha pili kaniletea daftari. "Baba, hili 'ought' maana yake nini?"

"Kupaswa. Kalale."

Hakulala. Akataka kujua kwa nini g na h zimo na hazisikiki, zimekaa tu kama wajumbe wa kamati ya harusi wasiochanga.

Nikafungua kamusi, na tangu hapo usingizi sina. Kumbe h hiyo ilikuwa ikisikika. Waingereza wa miaka 1000 iliyopita waliikwaruza kooni kama kh ya Kiarabu. Na neno lenyewe lilikuwa wakati uliopita wa "owe", yaani kudaiwa. Hapo sikushangaa, anayedaiwa ndiye anayepaswa. Kilichoniuma ni kwamba hilo "owe" nalo mwanzoni halikuwa na habari ya deni. Lilimaanisha kuwa na kitu, kumiliki. Hata "own" ni ndugu yake wa damu. Watu walianza na mali, wakaangukia kwenye deni, wakaishia kupaswa.

Nikaligeukia friji. Lile la mkopo, la milango miwili, lililoingia mwezi wa tatu kwa vigelegele vya mama watoto. Mwezi wa tatu nilikuwa mwenye friji. Mwezi wa nne nikawa mdaiwa. Sasa kila tarehe 5 ananipigia kijana mmoja wa sauti laini, ananiita "mzee wangu", na ndani ya friji mna chupa za maji na limau moja lililosinyaa.

Sisi Waswahili wajibu, lazima, sharti na deni lenyewe tumevitoa kwenye Kiarabu, kila kimoja na neno lake. Nikajipa moyo kwamba kwetu mambo hayajachanganyika hivyo. Simu ikalia. Ujumbe wa mweka hazina, harusi ya mtoto wa jirani: "Ndugu mjumbe, unakumbushwa kupunguza ahadi." Ahadi yenyewe niliitoa nikiwa nimeshiba pilau lao! Ahadi ni deni, walisema wahenga, na nahisi nao walikuwa waweka hazina.

Asubuhi nikachungulia daftari la mtoto. Ametunga sentensi moja tu kwa hilo neno, kwamba baba yake anapaswa kulipa. Jioni lilirudi na alama ya vema, nyekundu, kubwa.