Jinsi ya Kuwa Skauti wa Sebuleni Bila Kudanganywa na Saa

Kila mwaka, Februari ikielekea ukingoni, vijana zaidi ya 300 kutoka vyuo vikuu vya Marekani huitwa Indianapolis kupimwa kabla ya drafti ya NFL. Hupimwa urefu, uzito, viganja, miruko na mbio. Ndani ya siku chache, mashabiki ambao wiki iliyotangulia hawakulijua hata jina la mchezaji huanza kutoana jasho kwa tarakimu za baada ya nukta. Kama nawe umo, uwe unatazama ukiwa Minneapolis au ukikesha Nairobi, mwongozo huu ni wako. Hautakuondolea ubishi, maana ubishi ndio utamu wenyewe. Utakuondolea ile imani kwamba saa inaweza kukutazamia mechi.

Anza kabla saa haijaanza. Mwezi wa Januari chagua wachezaji watano ambao ungependa timu yako iwachukue, kisha tafuta mechi zao nzima. Vile vipande vya dakika tatu vyenye muziki achana navyo; sisi tunaofuata ligi za nyumbani tumeshaona mastraika wangapi waliosajiliwa kwa video za aina hiyo wakafungasha virago kabla ya dirisha dogo? Tazama hasa pale ambapo mpira haukwenda kwake. Anakimbia kwa nguvu zile zile, au anatembea? Beki akimtia mkono kifuani, anajinasua au anakwama? Akichoka robo ya nne, miguu inasemaje? Yaandike maswali ambayo mkanda umeshindwa kuyajibu. Hayo ndiyo mzigo wako wa kwenda nao Indianapolis, na bila hayo kila namba itakuvuta upande wake.

Halafu jua kinachopimwa ni nini. Mbio zinazotajwa kuliko zote ni za yadi 40, yaani mita 36 na nusu hivi. Kijana anaingia na nguo za kubana, hana kofia ngumu wala kinga za mabega. Anainama, anaweka vidole vya mkono mmoja kwenye mstari, anatulia. Hakuna bastola wala filimbi. Anaondoka mwenyewe akiwa tayari. Mtu mmoja huanzisha saa kwa kidole pale anapomwona amejitikisa, na mwishoni mwanga wa leza huisimamisha. Mbele yake hakuna wa kumzuia, hakuna wa kumvuta jezi, hakuna mpira wa kuutafuta angani. Kinachopatikana ni jibu la swali moja: mwili huu, ukiachiwa njia nyeupe iliyonyooka, unakwenda kasi gani? Ni habari nzuri kuwa nayo, mradi usiilazimishe iseme zaidi.

Na kila unapotajiwa muda, uliza nani alishika saa. Zile 4.12 za Bo Jackson zinazosimuliwa tangu 1986 ni za enzi ya saa za mkononi. Usizipambanishe na 4.21 ya Xavier Worthy, rekodi aliyoiweka Indianapolis mwaka 2024. Vilevile muda unaotoka kwenye majaribio yanayoandaliwa na chuo cha mchezaji mwenyewe, uwanja anaouzoea, mbele ya watu wanaomtakia mema, upokee kwa heshima na tahadhari. Usain Bolt, akiwa ameshastaafu, alikimbia yadi 40 kwenye maonyesho ya wiki ya Super Bowl, fainali ya NFL, kule Atlanta mwaka 2019, akiwa na suruali ya mazoezi na raba, saa ikasoma 4.22. Ni mtu mwenye kasi kuliko binadamu wote waliowahi kupimwa, na bado huwezi kumkabidhi kazi ya mpokeaji Jumapili inayofuata.

Sasa twende 2017, mwaka ambao skauti wa sebuleni anapaswa kuujua kwa moyo. John Ross wa Chuo Kikuu cha Washington alikimbia 4.22, akavunja rekodi ya 4.24 ya Chris Johnson iliyokuwa imesimama tangu 2008. Adidas walikuwa wametangaza zawadi ya kisiwa kwa atakayeivunja rekodi hiyo akiwa na viatu vyao, na Ross siku hiyo alivaa Nike. Kisiwa akakikosa, ila Cincinnati Bengals wakamchukua akiwa wa 9 kwenye drafti. Mwaka huo huo, kwenye nyasi zile zile, Cooper Kupp kutoka Eastern Washington, chuo kisicho cha vigogo, alitumia sekunde 4.62. Ukiwapanga mstari mmoja, Ross anamaliza Kupp akiwa nyuma kwa zaidi ya mita tatu. Kupp alisubiri hadi raundi ya tatu, Los Angeles Rams wakamwita akiwa wa 69.

Msimu wake wa kwanza Ross hakudaka pasi hata moja. Majeraha yalimwandama, na haki yake tuiseme: goti lilikuwa limeshamnyima msimu mzima wa 2015 chuoni. Kupp mwaka 2021 alidaka pasi 145, akakusanya yadi 1,947 na touchdown 16, akaongoza ligi katika yote matatu. Februari 2022 Rams wakakutana kwenye Super Bowl na nani? Bengals wale wale. Zikiwa zimebaki chini ya sekunde 90, Kupp akadaka pasi iliyoleta ushindi wa 23–20, na tuzo ya mchezaji bora wa fainali ikawa yake.

Ukitaka kujua alichokuwa nacho, mtazame miguu. Anamwendea beki kwa mwendo mmoja usioonyesha nia. Akifika, hatua zinakuwa fupi, kiuno kinashuka, na anakata pembeni bila kunyanyua kifua. Beki anapomaliza kugeuka, mpira umeshafika. Ajabu ni kwamba Indianapolis kuna kipimo kinachokaribia jambo hilo: koni tatu zilizopangwa kwa pembe, yadi tano kati ya moja na nyingine, ambapo mchezaji hukimbia, hugeuka, huzunguka na kurudi. Kupp alitumia sekunde 6.75, muda mzuri sana kwa mpokeaji. Namba yake ilikuwepo siku hiyo. Macho ya watu yalikuwa kwenye namba nyingine.

Kwa hiyo kabla hujabishana, linganisha kipimo na kazi. Beki wa pembeni akiachwa mbio ameumbuka mbele ya dunia nzima, kwa hiyo yadi 40 zake zina uzito. Lakini yule wa kilo 150 anayemlinda kwotabeki atakimbia yadi 40 lini, labda akiitwa chakula? Kwake tazama yadi 10 za mwanzo, na zaidi ya hapo tazama mikono na nyayo. Mwaka 2018 Orlando Brown Jr. alikimbia kwa sekunde 5.85 na kuinua chuma mara 14 tu, mada zote zikawa ni yeye, akaporomoka hadi raundi ya tatu ambako Baltimore walimwokota akiwa wa 83. Amechaguliwa Pro Bowl, kikosi cha nyota wa ligi, zaidi ya mara moja, na Kansas City walipotwaa Super Bowl Februari 2023, ndiye aliyeanza upande wa kushoto kumlinda Patrick Mahomes. Mkanda wa chuoni ulikuwa unaonyesha mtu mkubwa mwenye mikono mirefu ambaye wapinzani hawajui wampitie wapi. Saa haikubadilisha hilo.

Chuma chenyewe kina kilo 102, na mchezaji hulala chini yake na kukiinua mara nyingi awezavyo. Hiki ndicho kipimo ninachokipa nafasi ndogo kuliko vyote. Vernon Gholston alikiinua mara 37 mwaka 2008, New York Jets wakamchukua wa 6 ili awe anawaangusha makwotabeki, na hadi anaondoka NFL hakuwahi kumwangusha hata mmoja. Jirani zetu wa kikapu nao wana somo lao: Kevin Durant mwaka 2007 alishindwa kuinua chuma cha kilo 84 hata mara moja kwenye majaribio ya NBA. Akachukuliwa wa pili, na yaliyofuata unayajua.

Hapa wengi huruka ng'ambo na kuanza kuhubiri kwamba namba hazina maana yoyote. Tafadhali usiende nao. Chris Johnson yule wa 4.24 alibeba mpira kwa yadi 2,006 msimu wa 2009. Kasi iliyoonekana Indianapolis ndiyo iliyowapita mabeki. DK Metcalf mwaka 2019, akiwa na kilo 103, alikimbia 4.33, kisha kwenye koni tatu akatumia 7.38, taratibu kuliko 7.20 ya Tom Brady wa mwaka 2000, yule Brady wa miguu mizito aliyeachwa hadi wa 199. Watu walicheka, Metcalf akateleza hadi wa 64, Seattle Seahawks wakamchukua. Namba zake zote mbili zilikuwa za kweli: hakuwa fundi wa kukata kona, na kwenye njia iliyonyooka hakuwa na mwenziwe.

Oktoba 2020 kule Arizona, Budda Baker wa Cardinals alinasa pasi ya Seattle karibu kabisa na mstari wa goli na kutimua mbio, uwanja wote ukiwa wazi mbele yake. Metcalf alikuwa nyuma yake. Hakukata tamaa. Unaona umbali unavyoliwa yadi kwa yadi, Baker akiwa anakimbia kwa nguvu zake zote bila kujua kinachomjia, hadi anakamatwa na kuvutwa chini zikiwa zimebaki yadi chache. Cardinals walijaribu kumalizia kutoka hapo wakaambulia patupu. Ile 4.33 nilikuwa siijui maana yake mpaka nilipoiona ikiwa na kofia ngumu na kinga za mabega.

Aaron Donald ndiye mfano ninaoupenda kuliko wote, kwa sababu kwake mambo yalikwenda kwa mpangilio unaofaa. Mikanda yake ya Chuo Kikuu cha Pittsburgh mwaka 2013 ilionyesha mtu anayefika kwa mbebaji wa mpira kabla wengine hawajasimama sawa. Swali likabaki moja: ni mfupi kwa nafasi yake, je, mwili wake utawaweza majitu ya NFL? Akaja Indianapolis, kilo zake 129 zikakimbia 4.68, akainua chuma mara 35. Swali likajibiwa. Rams, wakati huo wakiwa St. Louis, walimpata akiwa wa 13, na amestaafu na tuzo tatu za mlinzi bora wa ligi. Hata chuma ninachokidharau kilikuwa na la kusema pale, kwa kuwa kulikuwa na swali la nguvu linalosubiri.

Mwogope aliyekwenda Indianapolis kama mwanafunzi aliyekariri mtihani. Maswali ya majaribio haya hayabadiliki, na mwaka 1995 Mike Mamula wa Boston College alijifua kwa ajili ya vipimo hivyo hasa, jambo ambalo leo kila mmoja hulifanya. Aliwaduwaza maskauti. Philadelphia Eagles wakabadilishana nafasi na Tampa Bay ili wapande kutoka ya 12 hadi ya 7 kumchukua. Mamula hakuwa mchezaji mbovu, alicheza miaka kadhaa kwa bidii. Lakini Tampa Bay, kwa nafasi ile ya 12 waliyopewa, walimchukua Warren Sapp, ambaye sasa yumo kwenye Ukumbi wa Mashujaa huko Canton.

Kipimo cha kiganja, kutoka ncha ya kidole gumba hadi ya kidole cha mwisho, kipe dakika mbili za maisha yako, si zaidi. Joe Burrow alipimwa inchi 9 mwaka 2020, watu wakahofia mpira utamponyoka. Mwenyewe akaandika kwa mzaha kwamba anafikiria kustaafu. Akachukuliwa wa kwanza, na miaka miwili baadaye aliifikisha Cincinnati kwenye ile Super Bowl niliyoitaja. Kuna chumba kimoja tu ambacho televisheni haikuonyeshi na ambako ningekupeleka kwa mbio: cha madaktari. Majaribio haya yalipoanzishwa Tampa mwaka 1982, lengo kuu lilikuwa timu ziwapime vijana afya kwa pamoja. Goti lililokwisha huamua mengi kuliko sehemu ya mia ya sekunde.

Ipo hali moja ambapo namba hubeba karibu mzigo wote, nayo inatuhusu sisi. Mwaka 2013 Indianapolis Colts, wenyeji wa uwanja huo huo wa majaribio, walimsajili Daniel Adongo, Mkenya aliyecheza raga Afrika Kusini na New Zealand bila kuwahi kucheza futiboli ya Kimarekani. Hakukuwa na mkanda wa kutazama. Kulikuwa na urefu, uzito, kasi na matumaini. Akawa Mkenya wa kwanza kucheza NFL, ingawa mechi zake zilikuwa chache. Jordan Mailata wa Australia naye alitoka kwenye raga, Eagles wakamchukua wa 233 mwaka 2018, wakamfundisha kwa subira, na leo ana pete ya Super Bowl. Kwa vijana wa namna hii namba ni mlango tu. Kinachowatofautisha ni miaka ya kufundishwa. Ukisikia timu imemchukua mwanariadha wa Kiafrika kwa sababu ya vipimo, uliza kwanza kocha wake atakuwa nani.

Basi mwaka huu fanya hivi. Andika orodha yako ya majina kwa mkono kabla ya majaribio, weka tarehe, mpe mtu mwingine aishike. Wiki ya Indianapolis ikiisha, tazama nani umemsogeza juu. Kama kilichompandisha ni saa peke yake, mrudie kwenye mechi zake mbili nzima, na usipoiona kasi hiyo akiwa amevaa kofia na kuna mtu anamgonga, mrudishe alipokuwa.